Kubonyeza, Kugusa na Kupangusa: Istilahi za Vidhibiti katika Magari ya Kifahari

1. Utangulizi

Makala haya yana madhumuni ya kuchunguza istilahi zinazohitajika kutaja vidhibiti vilivyomo ndani ya gari, yaani vitu vyote ambavyo dereva huvishika, huvibonyeza, huvizungusha au huvigusa ili gari litende alitakalo. Mfano mkuu uliotumika ni magari ya kifahari ya mwendo wa kasi, kwa kuwa hayo yamekuwa uwanja wa mabishano makubwa ya wahandisi katika miaka ya karibuni: je, dereva apewe vitufe vinavyobonyea, au apewe kiwambo cha kioo kinachoitika kwa mguso wa kidole?

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina faida gani kwa mkazi wa Mahege, kata iliyomo katika Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, ambako chombo kinachoonekana zaidi njiani ni pikipiki ya bodaboda, na ambako mtu akielekea kwenye delta ya Rufiji hufika mahali barabara ikakoma na safari ikaendelea kwa mtumbwi au kwa boti. Jibu lake si gumu. Kinachoanza katika gari la tajiri huishia katika gari la kila mtu. Kiyoyozi na vioo vinavyopandishwa kwa umeme vilianza kuwa anasa ya wachache. Leo vimo katika magari ya kawaida yanayobeba abiria kutoka Kibiti kwenda Dar es Salaam. Kiwambo cha mguso nacho kimekwisha kuwasili: kimo katika simu za wananchi, na kimo katika mengi ya magari yaliyokwisha kutumika ambayo nchi yetu huyaagiza kutoka Japani.

Basi, lugha isipojiandaa, mfasiri wa kitabu cha maelekezo ya gari, mwalimu wa udereva na mtumishi wa serikali anayeandika masharti ya zabuni ya magari watajikuta kila mmoja anatunga neno lake. Wahenga walikwisha kusema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika fani nyingine mrama huo huleta usumbufu tu. Katika udereva waweza kuleta maafa.

2. Jina la gari lenyewe

Kabla ya kuingia ndani ya gari, hapana budi kulitaja gari lenyewe. Wafasiri wengi, wanapokutana na magari ya aina ya Ferrari, Porsche au Aston Martin, huandika «magari ya michezo». Hii ni tafsiri ya neno kwa neno, nayo yapotosha. Msomaji wa Kiswahili akisikia «gari la michezo» hufikiri habari ya gari la kuchezea watoto, au basi linalobeba timu ya mpira. Magari tunayoyazungumzia hayakuundwa kwa ajili ya michezo wala, kwa kawaida, kwa ajili ya mashindano. Ni magari ya kutembelea barabarani, ila yamejengwa kwa kasi, wepesi na fahari.

Yafaa basi tutenge mambo mawili. La kwanza ni «gari la mashindano», yaani lile linaloshiriki mbio zenye washindani na kanuni. La pili ni «gari la kifahari la kasi», yaani lile ambalo mtu hulinunua kwa matumizi yake binafsi. Tofauti hii si ngeni Afrika Mashariki. Datsun 240Z lilikuwa gari la kasi lililouzwa madukani. Lakini mwaka 1973, Shekhar Mehta alipolitumia kushinda mbio za Safari Rally, gari la aina hiyo hiyo lilikuwa gari la mashindano. Jina lafuata kazi.

3. Vyombo vya kale na vitenzi vyake

Kiswahili hakikuanza leo kutaja vidhibiti vya vyombo vya safari. Neno «usukani» ni ushahidi wa kutosha. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilitaja kwanza ule ubao wa tezini unaoelekeza jahazi. Lilipokuja gari, wasemaji hawakuhangaika kutafuta neno jipya, bali walilipandisha usukani kutoka majini hadi nchi kavu. «Rubani» vivyo hivyo: alikuwa mwelekezi wa chombo baharini, akapaa angani pamoja na ndege. Maneno haya yalidumu kwa sababu yalitaja kazi ya kitu, wala hayakutaja umbo lake. Usukani wa mashua hauna umbo la duara, lakini kazi yake na ile ya usukani wa gari ni moja.

Pamoja na urithi huo, Kiswahili kilipokea maneno ya kukopa bila kinyongo: gari, breki, gia, klachi, honi, stata, dashibodi. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba mkopo ulikuwa wa nomino tu. Vitenzi vilibaki vya Kiswahili, navyo vilichaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Breki na klachi hukanyagwa, gia hutiwa, honi hupigwa, taa huwashwa na kuzimwa, pikipiki isiyo na stata hupigwa kiki. Kila kitenzi chaeleza ni kiungo gani cha mwili kinachofanya kazi na kwa nguvu ya namna gani. Mwalimu wa udereva asemapo «kanyaga», mwanafunzi hatafuti kwa mkono. Ajua kwamba ni shughuli ya mguu.

Mtazame dereva wa bodaboda wa Mahege wakati wa masika. Njia ina matope, mvua yampiga usoni, abiria yuko nyuma na mzigo uko mbele. Macho yake hayatoki njiani. Kidole gumba cha mkono wa kushoto chajua chenyewe ilipo honi, ilipo swichi ya taa na ilipo indiketa. Kila kimoja kina umbo lake na mahali pake. Dereva huyo hakuhitaji kusoma neno lolote. Vidhibiti vyake vinasemeka kwa mkono. Hii ndiyo siri ya kitufe, nayo ndiyo inayotupasa kuielewa kabla ya kuunda istilahi.

4. Jinsi vidhibiti vya namna mbili vinavyofanya kazi

Kitufe cha kawaida ni kitu chenye umbo, kinachosogea. Chini yake mna springi na vipande viwili vya madini. Kidole kikikisukuma, kitufe hushuka, vipande hugusana, na umeme hupita. Kidole kikiondoka, springi hukirudisha. Dereva hupata habari tatu kwa wakati mmoja bila ya kutazama: kwamba amekipata kitufe, kwamba kimeshuka, na kwamba kazi imekubaliwa, maana mara nyingi kitufe hutoa mlio mdogo au mshtuko hafifu.

Kiwambo cha mguso hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Katika aina iliyoenea leo, chini ya kioo mna utando mwembamba unaopitisha umeme, nao ni mwangavu kiasi kwamba hauonekani. Utando huo hubeba chaji ndogo ya umeme. Kwa kuwa mwili wa binadamu hupitisha umeme, kidole kinapokaribia huibadili chaji ya mahali hapo, na kompyuta hukadiria kidole kiko wapi. Hakuna kinachoshuka, hakuna kinachosogea. Kioo ni kile kile, baridi na laini, mahali penye alama na mahali pasipo alama.

Kutokana na maumbile hayo hutokea mambo manne. Kwanza, kiwambo hakitafutiki kwa kupapasa, kwa sababu kupapasa ndiko kukiamrisha. Pili, kidole kilichovikwa glovu nene hakitambuliwi, na matone ya maji huweza kukichanganya kiwambo. Tatu, alama zaweza kuhama: ukurasa mmoja waonyesha redio na mwingine kiyoyozi, mahali pale pale. Nne, na hili ndilo kubwa, macho ya dereva hayana budi kuacha njia ili yauongoze mkono.

Hesabu yake ni nyepesi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitazama kiwambo kwa sekunde 2, gari limekwenda mita 28 hali yeye hayuko njiani kwa macho. Katika kilomita 80 kwa saa, sekunde hizo 2 ni zaidi ya mita 44. Katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi, inayopita Kibiti katikati ya vijiji na masoko, mita 44 zatosha mtoto kuvuka nusu ya njia.

5. Kuingia kwa kiwambo na kurejea kwa kitufe

Fikra ya kiwambo cha mguso si changa. Mwaka 1965 mhandisi E. A. Johnson wa kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, aliandika habari za kiwambo cha namna hiyo. Katika magari ya kifahari, Aston Martin Lagonda lililoonyeshwa mwaka 1976 lilikuwa na vidhibiti vya mguso na tarakimu za mwanga mahali pa mishale ya vipimo, na vifaa hivyo vilijulikana kwa kuharibika mara kwa mara. Mwaka 1986 Buick Riviera la Marekani liliuzwa likiwa na kiwambo cha mguso katikati ya dashibodi. Lakini aliyebadili mkondo hasa ni Tesla, mwaka 2012, kwa gari lake la Model S lenye kiwambo kikubwa cha inchi 17 kilichomeza karibu vidhibiti vyote.

Watengenezaji wengine walifuata, nao walikuwa na sababu. Kiwambo kimoja hugharimu kidogo kuliko makumi ya vitufe, kila kimoja na waya zake. Kazi mpya zaweza kuongezwa kwa kubadili programu tu, pasipo kutoboa dashibodi. Aidha, kioo kitupu huonekana cha kisasa, na fahari ni sehemu ya bei ya gari la kifahari. Mwaka 2019 hata Ferrari, katika gari la SF90 Stradale, iliondoa vitufe vingi katika usukani na kuweka mahali pa mguso, pamoja na mahali pa kuwashia injini.

Majibu ya madereva hayakukawia. Mwaka 2022 jarida la magari la Uswidi liitwalo Vi Bilägare lilipima magari 11 ya kisasa pamoja na gari moja kuukuu, Volvo V70 la mwaka 2005, ambalo vidhibiti vyake ni vya kubonyeza na kuzungusha. Madereva walipewa muda wa kuyazoea magari hayo, kisha wakaamriwa kufanya kazi chache za kawaida, kama kurekebisha joto na redio, wakienda kilomita 110 kwa saa. Katika gari kuukuu kazi zote zilikwisha katika sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Katika lililoshindwa kuliko yote, gari lilikwenda mita 1,372 kabla kazi hizo hazijakwisha, yaani zaidi ya mara 4 ya umbali wa kwanza.

Kabla ya hapo, jambo zito zaidi lilikuwa limetokea baharini. Tarehe 21 Agosti 1917 ingekuwa rahisi kuamini kwamba usukani wa manowari ni gurudumu na wenzo. Tarehe 21 Agosti 2017 haikuwa hivyo tena. Siku hiyo manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakapoteza maisha. Usukani na mwendo wa manowari hiyo viliongozwa kwa viwambo vya mguso. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2019 ilikitaja kiwambo hicho kuwa miongoni mwa mambo yaliyowachanganya mabaharia, na jeshi la wanamaji likaamua kurudisha wenzo za kushikwa kwa mkono katika manowari za aina hiyo. Wakazi wa delta ya Rufiji, ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa Julai 1915, hawahitaji kuelezwa kwamba chombo kikubwa hushindwa kwa jambo dogo.

Tangu hapo mkondo umegeuka. Euro NCAP, taasisi ya Ulaya inayoyapima magari kwa usalama na kuyapa nyota, imeweka katika kanuni zake za kuanzia Januari 2026 kwamba kazi tano zinapaswa kuwa na vidhibiti vya kushikika: indiketa, taa za hadhari, honi, vifuta kioo, na wito wa msaada wa dharura. Gari lisilotimiza hilo hupoteza alama. Mwaka 2025 Volkswagen ilitangaza kurudisha vitufe kwa kazi zinazotumiwa zaidi. Mwaka huo huo Ferrari ilionyesha gari la Amalfi, ambalo usukani wake umerudishiwa vitufe, pamoja na kitufe cha kuwashia injini. Nayo Bugatti, katika gari la Tourbillon lililoonyeshwa mwaka 2024, iliweka vipimo vya mishale vilivyoundwa na mafundi wa saa wa Uswisi, na kiwambo chake kikafichwa hata dereva akihitaji. Kwa hiyo, katika magari ya bei kubwa, kitufe kimeanza kuwa ndiyo fahari yenyewe.

6. Vitenzi: mahali penye hatari

Sasa tuingie katika lugha. Kosa lililoenea katika tafsiri za maelekezo ni kutumia kitenzi «bonyeza» kwa kila jambo linalofanywa kwa kidole. Tuchunguze maana za vitenzi vinavyohusika.

(a) Bonyeza. Kitenzi hiki kimetokana na «bonyea», yaani kuingia ndani kwa kusukumwa, kama bati linavyobonyea likigongwa. Kubonyeza ni kufanya kitu kibonyee. Kioo cha kiwambo hakibonyei. Anayeambiwa «bonyeza» hutafuta kitu kitakachoshuka chini ya kidole chake, na asipokipata huongeza nguvu. Msomaji aliyewahi kumtazama mzee akikisukuma kwa nguvu kioo cha simu mpya, akingoja kishuke, ameiona kazi ya kitenzi hiki.

(b) Bofya na tomasa. Hivi ni vitenzi vya sokoni: mnunuzi hubofya embe au hulitomasa ili ajue kama limeiva. «Bofya» kimekwisha kutwaliwa na fani ya kompyuta, na kimekubalika huko. Yafaa kiachwe huko, ili katika gari kisiongeze mkanganyiko.

(c) Gusa. Kugusa ni kukutana kwa kidole na kitu bila ya kusukuma. Ndicho kitenzi kinachoeleza sawasawa mambo yanayofanyika katika kiwambo. Tena kina onyo ndani yake: kitu huweza kuguswa kwa bahati mbaya, na kiwambo kweli huitika hata kwa mguso usiokusudiwa.

(d) Papasa. Kupapasa ni kutafuta kwa mkono mahali macho yasipofika, kama mtu gizani. Kitenzi hiki chatufaa sana kueleza sifa ya kitufe: «kidhibiti hiki chapapasika». Kidhibiti kisichopapasika chahitaji macho.

(e) Pangusa. Wananchi walipopata simu za kiwambo waliziita «simu za kupangusa», ili kuzitenga na zile za vitufe. Jina hilo ni zuri, nalo lilizaliwa mitaani bila ya msaada wa kamati yoyote. Hata hivyo, ndani ya gari linagongana na kazi nyingine. Gari lina vifaa vinavyopangusa kioo cha mbele wakati wa mvua. Maelekezo yakisema «pangusa kioo», dereva aelewe nini: awashe vifaa vya mvua, achukue kitambaa, au apitishe kidole katika kiwambo? Kwa hiyo, kwa kitendo cha kupitisha kidole tunapendekeza «telezesha kidole».

7. Nomino: kifungo, kitufe, kioo, kiwambo

Katika nomino pia mna mitego. «Kifungo» ni cha shati. Tena ni adhabu ya mahakamani. Mtumishi aliyeandika kwamba «gari liwe na vifungo vya kutosha» atakuwa amewachekesha wasomaji wake. «Kitufe», kutokana na «tufe», yaani kitu cha mviringo, kimekwisha kuenea kwa simu na kompyuta, na hakina maana nyingine inayogombana nacho ndani ya gari. «Kibonyezo» ni neno lililoundwa vizuri, lakini kitufe kimelitangulia katika matumizi, na haifai kuwang'oa wananchi neno walilolizoea.

«Swichi» lisitupwe. Ni la mkopo, lakini madereva na mafundi wanalitumia kila siku. Tahadhari moja tu yahitajika: kwa waendesha pikipiki wengi, «swichi» pekee ni pale pa kutilia ufunguo. Basi mwandishi ataje kazi yake: swichi ya taa, swichi ya vioo.

«Kioo» ndilo neno lenye hatari kubwa kuliko yote. Wenye simu husema «kioo cha simu», na hakuna ubaya. Lakini ndani ya gari kioo cha mbele ni kioo, dirisha ni kioo, na kile cha kutazamia nyuma ni kioo pia. Dereva anayeambiwa «tazama kioo» hutakiwa atazame nyuma. Tukikiita na kiwambo kioo, tutakuwa tumemwamuru aache kutazama magari yanayomfuata, atazame redio.

«Kiwambo» latufaa. Ngoma huwambwa ngozi, na ile ngozi iliyovutwa sawasawa juu ya mzinga ndiyo kiwambo. Neno limekwisha kutumika kwa kompyuta, na mkazi yeyote wa delta aliyeona ngoma ikiwambwa atalielewa mara moja: ni uso uliotandazwa, unaongoja mkono. «Skrini» nalo lina wasemaji wengi, tena laweza kuendelea katika mazungumzo. Lakini katika maandishi rasmi tungechagua moja, ili msomaji asidhani kwamba ni vitu viwili.

8. Mapendekezo

Istilahi zifuatazo zinatolewa kwa wafasiri, walimu na watumishi ili zijadiliwe:

Gari la kifahari la kasi: gari la binafsi lililojengwa kwa kasi na fahari. Lisiitwe gari la michezo.

Kidhibiti: jina la jumla la kitu chochote anachotumia dereva kuliamrisha gari.

Kitufe: kidhibiti kinachobonyea. Kitenzi chake ni bonyeza.

Kizungusho: kidhibiti cha mviringo kinachogeuzwa kwa vidole, kama cha sauti ya redio. Kitenzi chake ni zungusha.

Wenzo: kidhibiti kirefu kinachosukumwa au kuvutwa, kama cha indiketa.

Kiwambo mguso: uso wa kioo unaoonyesha alama na kuitika unapoguswa. Vitenzi vyake ni gusa na telezesha kidole.

Kiguso: mahali pamoja pa mguso pasipobonyea, kama palipo katika usukani. Kitenzi chake ni gusa.

Mwitiko: mlio, mtetemo au mshtuko unaomjulisha dereva kwamba amri yake imepokelewa.

Kifuta kioo: kifaa cha kuondoa maji katika kioo cha mbele. Kisiitwe kipangusa mahali penye kiwambo mguso.

Taa za hadhari: taa zote za pembeni zinazowaka na kuzimika kwa pamoja kuwaonya wengine.

Tuonyeshe kwa mfano faida ya utaratibu huu. Maelekezo yanayosema «bonyeza kioo ili kupunguza joto» yana makosa mawili katika maneno matano. Yakiandikwa «gusa alama ya joto katika kiwambo», dereva ajua mambo mawili: kwamba hakuna kitu kitakachoshuka, na kwamba itambidi atazame. Na yakiandikwa «zungusha kizungusho cha joto», ajua kwamba macho yake yaweza kubaki njiani. Hivyo, tofauti ya kitenzi yamweleza dereva ni lini inampasa asubiri mpaka gari lisimame.

9. Hitimisho

Liko jambo moja zaidi la kuwakumbusha wafasiri. Magari mengi yaliyotumika hufika nchini yakiwa bado yanazungumza Kijapani: viwambo vyao vimeandikwa Kijapani, na sauti zao ni za Kijapani. Mwenye gari Kibiti hawezi kusoma hata ukurasa mmoja wa kiwambo hicho. Lakini kitufe cha taa za hadhari, chenye pembetatu nyekundu, akijua siku ile ile ya kwanza, kwa sababu alama za vidhibiti vya magari zimesanifiwa kimataifa na kitufe hakihami mahali pake. Kitufe chenye alama yake hakihitaji tafsiri. Kiwambo chaihitaji, tena kila ukurasa.

Kutokana na hayo, kadiri vidhibiti vinavyohamia katika viwambo, ndivyo dereva anavyozidi kutegemea maneno. Na kadiri anavyotegemea maneno katika lugha asiyoijua, ndivyo hatari inavyozidi. Kazi ya mfasiri iliyokuwa ya kitabu cha maelekezo kinachokaa ndani ya kabati la gari sasa imeingia katika dashibodi, mbele ya macho ya dereva, gari likiwa linakwenda. Hapo pana nafasi ya neno moja au mawili tu, na muda wa kuyasoma ni nusu ya sekunde.

Wasomaji, hasa walimu wa vyuo vya udereva na mafundi wa magari, wanaombwa watoe maoni yao juu ya istilahi hizi, na waeleze ni maneno gani yanayotumiwa katika sehemu zao. Yaliyo hai midomoni mwa madereva yapewe nafasi ya kwanza, na yanayowachanganya yaachwe, hata kama kamati ndiyo iliyoyatunga.